Umeme Ukikatika, Shimo Halisubiri: Vidokezo vya Kulinda Besimenti

Kwetu umeme ukikatika na maji hukatika. Pampu ya kisima inanyamaza, simtanki juu ya mnara linaisha, watu wanaanza kutafuta ndoo. Huku Ohio ni kinyume chake: umeme ukikatika, maji ndiyo yanaingia. Yanapanda polepole kwenye shimo lililo pembeni mwa besimenti, yanavuka ukingo, na asubuhi unakuta zulia linaelea.

Wengi wetu tulionunua nyumba Columbus, Des Moines, Minneapolis au Toronto hatukukulia kwenye nyumba zenye chumba chini ya ardhi. Mkaguzi wa nyumba anakuonyesha shimo lenye mfuniko, anasema hii ni pampu, mnapita. Kumbe kuzunguka msingi mzima limezikwa bomba lenye matundu. Maji ya ardhini yanaingia humo, yanateremka hadi shimoni, boya linapanda, swichi inawaka, pampu inayasukuma nje. Kazi yote hiyo inategemea soketi moja ukutani, na dhoruba inayojaza shimo ndiyo hiyohiyo inayoangusha miti juu ya nyaya. Tarehe 8 Julai 2013 uwanja mkubwa wa ndege wa Toronto ulipata milimita 126 za mvua, nyingi ndani ya saa chache tu, na jioni hiyohiyo wateja wapatao 300,000 wakakosa umeme.

Mimi nilijifunza usiku. Mama alikuwa amekuja kutoka Muheza kukaa nasi miezi 6, na chumba cha wageni kwetu kiko besimenti. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, nyuma ya ukuta huu ni nani anakoroma?" Nikamwonyesha pampu, akaizoea. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ya radi ikimwagika, alipanda ngazi gizani kwa kupapasa ukuta, akagonga mlango wetu: "Amkeni. Lile lenu limenyamaza." Tuliteka maji kwa ndoo, mimi na mke wangu, Mama akitumulikia kwa tochi ya simu. Tulishindwa. Alfajiri maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya kitanda chake.

Haya ndiyo niliyoyatafuta, kuyapima na kuyafanya tangu usiku ule.

1. Lijue shimo lako kabla ya kwenda dukani

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza betri iwe kubwa kiasi gani. Muuzaji hawezi kukujibu, maana jibu liko shimoni kwako.

Subiri siku ya mvua kubwa, umeme ukiwepo. Chukua futi ya fundi, tochi na saa ya simu. Iache pampu imalize kuvuta, kisha ichomoe na usimame hapohapo, usiende kuinjika chai. Pima maji yamepanda sentimita ngapi kwa dakika moja, halafu irudishe plagi mara moja.

Shimo la kawaida lina kipenyo cha sentimita 45, yaani inchi 18. Kwa kipenyo hicho, kila sentimita ya kina ni lita 1.6 hivi. Langu, mvua ilipokolea, lilipanda sentimita 10 kwa dakika. Hizo ni lita 16. Kwa saa nzima ni lita 960, karibu mapipa matano yale ya lita 200. Ukitaka kuyatoa kwa ndoo za lita 10, ni ndoo 96 kila saa, na kila ndoo inapandishwa ngazi. Nilipofika hapo kwenye hesabu ndipo nilipoelewa kwa nini tulishindwa ule usiku.

Maji hayo yakitandazwa kwenye sakafu ya mita za mraba 90, yanafika sentimita moja kila saa. Kwa macho ni kidogo, lakini zulia, kuta za bodi za jasi na miguu ya kabati havihitaji zaidi ya hapo ili kuharibika. Iandike namba yako kwa wino usiofutika juu ya mfuniko wa shimo. Kila uamuzi unaofuata unaitegemea.

2. Soma kibati cha pampu

Pampu ina kibati au kibandiko kilichoandikwa ampia. Yangu ni ya theluthi moja ya nguvu farasi na inakula ampia 9. Umeme wa majumbani huku ni volti 120, kwa hiyo 9 mara 120 ni wati 1,080 ikiwa inavuta. Inapoanza, kwa muda usiofika sekunde moja, inaweza kutaka mara mbili au tatu ya hapo. Hicho kishindo cha kuanzia ndicho kinachoiangusha inveta ndogo: inalia, inawaka taa nyekundu, inazima. Chochote utakachonunua, uliza kinastahimili wati ngapi pale mota inapoamka, usiridhike na namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi.

3. Yapunguze maji kabla ya kuyapigia hesabu ya umeme

Hiki ni kidokezo cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho watu wanachokiruka. Panda ngazi, toa majani kwenye mifereji ya paa. Angalia yale mabomba yanayoshusha maji ya paa: yakimwaga kwenye msingi wa nyumba, basi pampu yako inatoa maji, yanazunguka, yanarudi shimoni, inayatoa tena. Unganisha kipande cha bomba kila moja limwage mita mbili au tatu mbali na ukuta. Udongo nao uinamie nje. Kipimo wanachokitumia mafundi hapa ni mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza.

Baada ya kufanya hayo, rudia kipimo cha kidokezo cha kwanza kwenye mvua nyingine kubwa. Ukikuta lita zimepungua kwa theluthi, umeiongezea betri muda wa kuishi kabla hata hujainunua.

4. Pampu ya pili ya betri inashinda inveta, na sababu yake ni hesabu

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuweka inveta na betri ili pampu yako ileile iendelee kufanya kazi. Ya pili ni kuweka pampu nyingine ndogo ya volti 12 ndani ya shimo hilohilo, yenye boya lake na betri yake. Kwetu tumezoea inveta, tumeziona madukani na majumbani miaka yote ya mgao, na moyo wangu ulienda huko moja kwa moja. Karatasi ikanigeuza.

Pampu yangu kubwa inasukuma kama lita 130 kwa dakika hadi kimo cha mita 3. Ili kutoa lita 960 inafanya kazi dakika 7 na nusu hivi katika kila saa. Dakika hizo, pamoja na umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, ni kama wati-saa 160. Betri ya risasi ya volti 12, ampia-saa 100, imebeba wati-saa 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila mara unaifupishia maisha. Zinabaki 600. Gawanya: saa tatu na nusu hadi nne. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakuruhusu kutumia karibu yote, kwa hiyo itakufikisha saa saba hivi.

Sasa pampu ndogo. Inakula ampia 12 kwa volti 12, yaani wati 144 tu, na inasukuma lita 75 kwa dakika. Itafanya kazi dakika 13 kila saa, lakini zote hizo ni wati-saa 30 na kidogo. Betri ileile ya risasi, nusu ileile, inakupa zaidi ya saa 15. Umepita usiku, umefika mchana, na duka limefunguliwa.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nisisite. Inveta inakulinda umeme unapokatika, basi. Pampu kubwa yenyewe ikiungua, au boya lake likinasa kwenye ukuta wa shimo, inveta iliyojaa chaji haina la kufanya. Pampu ya pili inakulinda dhidi ya yote mawili. Boya lake liwekwe sentimita chache juu ya boya la kwanza, ili ianze pale tu maji yanapopita kiwango cha kawaida. Nayo iwe na vali yake ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo pampu moja itasukuma maji yapite kwenye nyingine na kurudi palepale shimoni.

Inveta ina mahali pake. Kama shimo lako linapokea maji mengi kuliko pampu ndogo inavyoweza kutoa, au shimo ni jembamba na pampu mbili hazikai, chukua inveta. Iwe ile inayotoa umeme wa wimbi laini kama wa gridi, wanaouita pyua saini. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa mikatomikato, na mota ya pampu inanguruma na kupata joto.

5. Betri ya gari iache kwenye gari

Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena papo hapo. Ukiifanya inyonywe polepole saa nyingi, mara chache tu zinatosha kuiua. Unayotaka ni dipu saiko, ile ambayo mafundi wa sola kwetu wanaijua vizuri, au ile inayouzwa kwa ajili ya maboti. Za risasi zenye maji zinahitaji kuongezewa maji yaliyochujwa kwa mvuke kila baada ya miezi michache. Wakati wa kuchaji zinatoa haidrojeni, kwa hiyo ziwekwe ndani ya boksi lake penye hewa, mbali na mwali wa hita ya maji ya gesi ambayo mara nyingi iko besimenti hukohuko. Za risasi za aina ya AGM zimefungwa na hazina usumbufu huo wa kuongezewa maji.

Iweke juu ya rafu, usawa wa kiuno. Nimeona betri nzuri kabisa iliyowekwa sakafuni, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufunikwa na maji iliyonunuliwa kuyazuia. Andika mwezi na mwaka ulioinunua juu yake. Ya risasi itadumu miaka mitatu hadi mitano hivi, na haitakuambia siku inapochoka.

6. Betri za kubebeka: angalia usingizi wake

Siku hizi kuna maboksi ya lithiamu yenye mkono wa kubebea na soketi zake mbele, watu wanayachukua kambini. Yanaweza kuendesha pampu, tena mengine yanabadilisha yenyewe umeme unapokatika. Lakini nyingi za mashine hizi zinajizima zikiona hakuna kinachokula umeme kwa muda fulani, ili kutunza chaji. Pampu haili umeme mfululizo. Inavuta sekunde chache, inanyamaza dakika mbili, inavuta tena. Boksi linadhani kazi imekwisha, linalala, na shimo linajaa. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuzima tabia hiyo, kisha lijaribu kwa saa nzima ukiwa nyumbani. Kama halikubali kukaa macho, si kifaa cha kazi hii.

7. Kuna pampu isiyotaka umeme wala betri

Kama unatumia maji ya bomba ya mji, kuna pampu inayoendeshwa na msukumo wa maji hayo: yanapita kwa kasi kwenye tundu jembamba na kuvuta maji ya shimo pamoja nayo. Itafanya kazi siku tatu, itafanya kazi wiki, mradi mji una msukumo. Inakula kama lita moja ya maji safi kwa kila lita mbili inazotoa, kwa hiyo bili itaongezeka. Lazima iwe na kizuizi cha kurudi nyuma, maji ya shimo yasije yakaingia kwenye maji ya kunywa, na miji mingine haiiruhusu kabisa. Uliza kwanza. Ukiwa na kisima chako mwenyewe, isahau, maana pampu ya kisima nayo itakuwa imezima.

8. Jenereta ikae nje, na nje maana yake ni mita 6

Betri zinakupitisha usiku. Kuna dhoruba zisizoisha kwa usiku mmoja. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali ulipita Iowa na kuulaza mji wa Cedar Rapids, mji wenye Wakongomani na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, na wapo waliokaa zaidi ya wiki bila umeme. Kwa hali kama hiyo jenereta ndogo ni msaada mkubwa. Huhitaji kuiwasha mfululizo. Iwashe, chaji betri za pampu na friji ipate baridi, zima, pumzisha.

Hapa naomba tusomane vizuri. Sisi tumekua tukisikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi, asubuhi wasiamke. Gesi iliyowaua ni monoksidi ya kaboni, na ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye ekzosi ya jenereta, tena kwa wingi zaidi. Haina harufu wala rangi. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa inasema watu wapatao 100 hufa kila mwaka nchini humo kwa gesi ya jenereta za kubebeka. Mara nyingi jenereta inakuwa ndani ya gereji mlango ukiwa wazi nusu, au barazani karibu na dirisha, kwa sababu mvua inanyesha na mtu hataki iloe, au anaogopa itaibiwa.

Mlango wazi hautoshi. Iweke mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikitazama upande usio na dirisha la kwako wala la jirani. Mvua ipo, basi inunulie kibanda chake cha wazi pembeni kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Wizi upo, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo. Na kila sakafu ya nyumba, hasa wanapolala watu, iwe na king'ora cha gesi hiyo chenye betri. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu jenereta ikiwa inanguruma, tokeni nje wote kwanza, mpige 911 mkiwa nje.

Waya wa ekstensheni uwe mnene, ule wa geji 12, na mfupi kadiri inavyowezekana. Waya mwembamba wa taa za sikukuu unapata joto na kuinyima pampu nguvu ya kuanzia. Petroli inachacha ikikaa miezi, kwa hiyo ichanganye na dawa ya kuitunza, na uiwashe jenereta mara moja kila mwezi kwa dakika kumi na tano.

9. Usiupeleke umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani

Kuna waya ambao watu wanautengeneza wenyewe, una plagi ya dume pande zote mbili: upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukuta, nyumba nzima inawaka. Usiuguse. Umeme huo unatoka nyumbani kwako, unaingia kwenye transfoma ya mtaani kinyumenyume, unapandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo kuwarudishia umeme anakutana nao. Ukitaka nyumba ipate umeme wa jenereta kupitia waya zake, fundi mwenye leseni akufungie chenjiova. Kwa pampu peke yake, ekstensheni moja inatosha.

10. Kengele isiyotegemea intaneti

Mimi nilikuwa na Mama. Kengele ya maji ya betri ya volti 9 inauzwa bei ya chakula cha mchana: kihisio chake kinaning'inizwa ndani ya shimo juu ya usawa wa boya la pili, maji yakikigusa inapiga kelele hadi ghorofani. Zile zinazotuma ujumbe kwenye simu ni nzuri kwa anayefanya kazi zamu za usiku kama wengi wetu, lakini kumbuka kwamba umeme ukikatika ruta nayo inazima. Iwekee ruta betri yake ndogo, au chukua kengele inayotumia laini ya simu.

11. Ukate umeme wewe mwenyewe, kwa makusudi

Mara nne kwa mwaka, na lazima mwezi Machi kabla theluji haijayeyuka yote, nashuka besimenti na ndoo mbili. Nazima breka ya pampu kubwa kwenye boksi la umeme. Namimina maji shimoni taratibu, nikimulika tochi. Boya la kwanza linanyanyuka, hakuna kitu. Naendelea kumimina. Boya la pili linanyanyuka, pampu ndogo inaamka kwa sauti nyembamba kama ya blenda ya mbali, maji yanashuka, vali inagonga tak, kimya. Natoka nje kuangalia kama maji yametoka kweli mwisho wa bomba, maana pampu inaweza kulia vizuri huku inazungusha hewa. Fundi wangu alikuwa ametoboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, chini ya vali, ndani ya shimo, ili hewa iliyonaswa itoke. Likizibwa na uchafu, lizibue kwa msumari mwembamba.

Mwaka jana zoezi hili lilinionyesha boya lililokuwa limenaswa na waya wake wenyewe. Lingegundulika usiku wa mvua, tungerudi kwenye ndoo.

12. Maji yanayotoka yasirudi, wala yasigande

Bomba la nje limwage mbali na msingi, upande unaoteremka, lisielekee kwenye uwanja wa jirani. Usiliunganishe na bomba la maji taka ya choo. Katika miji mingi ni kosa kisheria, na mvua kubwa ikijaza maji taka ya mji yatarudi kwako kupitia sakafu. Wakati wa baridi, mwisho wa bomba unaweza kuziba kwa barafu, kwa hiyo liwe na mteremko maji yote yaishe, na pawe na tundu la akiba karibu na ukuta ambapo maji yatatokea pakiganda mbele.

13. Vilivyo sakafuni, na karatasi ya bima

Sisi tunaweka besimenti vitu visivyonunulika tena: albamu za harusi, vyeti vya shule, kanga alizotuachia bibi, pipa la mizigo linalojazwa polepole likisubiri meli ya Mombasa au Dar es Salaam. Kila kitu kipande juu ya rafu, na karatasi muhimu zihamie ghorofani leo. Maboksi ya kadibodi yabadilishwe kwa yale ya plastiki yenye mfuniko.

Kisha fungua bima ya nyumba yako. Bima ya kawaida ya Marekani hailipi maji yaliyofurika kutoka kwenye shimo la pampu wala yaliyorudi kupitia bomba la maji taka. Kuna nyongeza inayonunuliwa mbali kwa ajili hiyo, na bima ya mafuriko ni kitu kingine tena. Mpigie wakala wako, muulize kwa maneno hayohayo, na umwombe akujibu kwa maandishi.

14. Maji yakishaingia, usishuke

Kama maji yamefika kwenye soketi, kwenye nyaya za ekstensheni au kwenye mashine ya kufulia, usiyakanyage, hata umeme ukiwa umekatika mtaani, kwa sababu unaweza kurudi wakati wowote. Usiliguse boksi la breka ukiwa umesimama majini. Piga simu kampuni ya umeme waukate kutoka nje. Na kama anayelala besimenti hana njia nyingine ya kutoka ila ngazi, mwamshe apande mara tu tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa, kabla maji hayajaonekana. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York, watu 11 walikufa ndani ya vyumba vya besimenti jijini humo. Maji yanaposukuma mlango kutoka nje, mtu hawezi kuufungua.

15. Yaandike kwa Kiswahili, ukutani

Usiku ule mimi nilikuwepo. Ningekuwa kazini je? Mama hasomi Kiingereza, na maelezo yote yaliyokuja na mitambo hii ni ya Kiingereza. Nimechukua karatasi ngumu, nikaandika kwa kalamu nene, nikaibandika juu ya ngazi, mahali asipolazimika kushuka ili aisome:

Lenye mlio mnene likinyamaza na mvua inanyesha, sikiliza lenye mlio mwembamba.
Nalo likinyamaza, au kengele ikilia, usishuke. Nipigie.
Nisipopokea, mgongee jirani wa mkono wa kulia. Anajua.

Jirani nilimpelekea sambusa na kumwonyesha mitambo yote. Mama aliisoma karatasi mara mbili, akaniomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake namba ya simu ya mke wangu.